Jengo Jipya Soin, na Mtoto wa Jirani

Mtu wa Mombasa au Lamu akisikia Kericho, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye chai: vilima vya kijani, baridi na mvua ya alasiri. Soin si hivyo. Ni Kericho hiyo hiyo, lakini upande wake wa chini, unaoteremka kuelekea tambarare za Kano na Kisumu. Neno lenyewe katika lugha ya Wakipsigis lina maana ya nchi ya chini, nchi ya joto. Chai haistawi huko. Hustawi miwa na mahindi, na mgeni kutoka pwani akifika huko huvua sweta aliyoivaa kwa hofu ya baridi. Hapo ndipo mpaka ulipo. Ng'ambo ni Wajaluo, huku ni Wakipsigis, na kusini kidogo, katika soko la Sondu, Wakisii nao wamo, watu wakiuziana ndizi, samaki na ng'ombe.

Mpaka huo ni wa karatasi zaidi kuliko wa ardhi. Hadi ukingoni mwa Uhuru, Kericho ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Nyanza. Ndipo ikahamishiwa Bonde la Ufa. Watu hawa basi walikwisha kuoana, kuazimana majembe na kusomesha watoto pamoja kabla ya mtu yeyote wa ofisini kuwatenganisha kwa kalamu.

Kisha yakaja maafa, na maafa ya hapo hayakuwa ya tetemeko wala ya tufani. Oktoba 29, 1991, katika shamba la Miteitei, Nandi, si mbali na hapo, zilianza ghasia zilizoenea katika mipaka ya Nandi, Kericho na Kisumu na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ukawaka tena nchi nzima. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Na wale wanaodhani hayo ni habari za kale wakumbuke kuwa Sondu ilimwaga damu tena mwaka 2022 na 2023. Katika ghasia za namna hii shule huteseka mara mbili: kwanza huwa makazi ya waliokimbia, kisha huachwa tupu au huchomwa.

Nimehudhuria sherehe kadha za kufungua madarasa mapya upande huo, na zote zinafanana kama mapacha. Kuna mahema, viti vya plastiki, kwaya ya watoto, sala ya mchungaji, kisha mgeni wa heshima hukata utepe na kulifunua pazia dogo ukutani. Nyuma ya pazia pana kibao chenye jina lake. Tangu hazina ya maendeleo ya maeneo ya ubunge ianzishwe mwaka 2003, vibao vimezidi nchini. Kwetu pwani nyumba mpya hufunguliwa kwa maulidi na sinia za pilau, na aliyetoa mali yake kwa ajili ya wakfu aghalabu hapendi kutajwa kwenye kipaza sauti. Lakini tusijisifu mno, maana siku hizi nasi tumejifunza vibao.

Jambo moja halisemwi katika sherehe hizo, nalo ni sababu ya jengo la kwanza kutokuwepo. Wasemaji hupita pembeni: "yale yaliyotokea", "wakati ule mgumu". Mimi siwalaumu, kwani waliochoma na waliochomewa huenda wamekaa hema moja. Lakini kimya hicho kina gharama yake, na gharama hiyo niliiona, au tuseme niliisikia, uwanjani.

Watoto walikuwa wakicheza mpira, wakiitana, wakitukanana kidogo kama ilivyo desturi ya mpira, na yote hayo kwa Kikipsigis. Mwalimu mmoja mzee, mwenyeji wa hapo, aliniambia kuwa alipokuwa mtoto katika shule hiyo hiyo, mpira ulichezwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyewaamrisha. Wachezaji nusu walikuwa Wajaluo, na bila ya Kiswahili hakuna aliyejua nani apewe pasi. Baada ya ghasia watoto wa ng'ambo walihamia shule za kwao na hawakurudi. Jengo limerudi, tena zuri kuliko la kwanza, bali lugha ya uwanjani haikurudi nalo.

Hapa naomba subira ya msomaji, maana jambo hili linatuhusu sisi wenye lugha. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikubali kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha ya mahali pake, na pale ambapo makabila yamechanganyika, aanze kwa Kiswahili. Ni sera ya busara. Lakini maana yake ni hii: kijiji cha mpakani kikikosa mchanganyiko, kile Kiswahili cha darasa la kwanza hakina tena sababu ya kuwepo. Kinabaki kuwa somo la mtihani, ambalo mfumo wa 8-4-4 ulililazimisha tangu mwaka 1985. Mtoto hukipata kitabuni, akakiandika vizuri pengine, na asiwe na mtu wa kukizungumza naye. Huko bara Kiswahili hakikuenezwa na vitabu peke yake. Kilienezwa na soko na uwanja wa shule. Sondu soko lipo bado. Uwanja ndio uliopungua.

Wala asidhani msomaji kuwa haya ni mambo ya bara. Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya mia waliuawa na takriban laki moja wakahama. Miongoni mwa waliovuka feri na mizigo yao walikuwamo walimu. Kuta hazikuanguka, paa hazikuezuliwa, na hata hivyo shule zikawa hazina wa kufundisha. Na kule Delta ya Tana, Agosti 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa katika ugomvi wa Wapokomo na Waorma, majirani wanaoelewana kwa Kiswahili tangu zamani.

Hivyo mimi naona kuwa suala la Soin ni la walimu na la wazazi kabla ya kuwa la matofali. Tume ya kuajiri walimu ilianza mwaka 2018 kuwahamisha walimu wakuu wengi mbali na wilaya za kwao. Kelele zikawa kubwa, za walimu na za wabunge, na hatimaye wengi wakarudishwa makwao. Kelele hizo zilikuwa na haki: mume alipelekwa huku, mke kule, na nyumba za walimu hazikuwapo. Lakini pamoja na ubaya wa utekelezaji ikatupwa pia fikira njema, ya kuwa mtoto wa Soin afundishwe walau na mtu mmoja ambaye hawezi kumsema kwa lugha ya mama. Ingefaa fedha za vibao zijenge nyumba mbili tatu za walimu wageni, karibu na shule, zenye maji na mlango wenye komeo imara. Mgeni asiyelala kwa amani hafundishi.

Na wazazi wa ng'ambo je? Waalikwe siku ya kufungua, si kukaa hema la nyuma, bali kutaja kwa vinywa vyao shule ilikuwaje walipoiacha. Nitakapoalikwa tena sherehe kama hiyo, sitaharakia kibao. Nitaomba rejista ya darasa la kwanza, nitazame kama Otieno na Akinyi wameandikwa humo kando ya Kiprono na Chepkemoi.