Filamu za "Kisa cha Kweli": Nani Aliyeshuhudia?



Ndugu wasomaji, wazazi, na nyinyi wanafunzi mlio likizo, kila mwaka inapokaribia wiki ya Kwibuka filamu zilezile hutolewa kabatini. Zamani zilikuja kwa sidii, siku hizi hupitishwa kwa flashi na simu, lakini ni zilezile: Hotel Rwanda, Sometimes in April, Shooting Dogs, na kwetu sisi Waislamu, Kinyarwanda. Miaka ya karibuni zimeongezeka nyingine, kama Trees of Peace ya mwaka 2022. Mimi ni mpenzi wa filamu wa siku nyingi. Hizi nimezitazama zote, nyingine zaidi ya mara moja, na zimeniliza. Lakini machozi si ushahidi. Kinachonikera ni yale maneno machache yanayotangulia au kufuata filamu za namna hii, kwamba kilichomo kimetokana na kisa cha kweli. Tukishayasoma tunakunja mikono na kuamini kila kitu.

Sitaingia katika suala la hukumu ya kutazama filamu. Hilo lina wenyewe, na masheikh wetu wanalizungumza. Mimi nazungumza na zile nyumba ambazo televisheni imo tayari na watoto wameshakaa mbele yake.

Sisi wa Kicukiro tuna sababu ya kuuliza kuliko wengine. Hotel Rwanda ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Shooting Dogs ya Michael Caton-Jones, iliyotoka 2005, ilipigwa hapahapa kwetu, penyewe ETO, ile shule ya ufundi iliyokuwa ikiendeshwa na mapadri wa Don Bosco. Leo pale pana chuo, na vijana wetu wanaingia lango lile kila asubuhi na madaftari yao. Kwa hiyo kijana wa Kicukiro akiitazama filamu hii haoni nchi ya mbali. Anaona majengo anayoyajua, na anaona tarehe anayoijua. Hapo ndipo hatari ilipo.

Yaliyotokea yanajulikana. Baada ya tarehe 7 Aprili 1994 watu zaidi ya 2,000, wengi wao Watutsi, walikimbilia ETO kwa sababu palikuwa na askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa wapatao 90. Wenzao kumi walikuwa wameuawa Camp Kigali siku ile ya tarehe 7, na Ubelgiji ikaamua kuondoa jeshi lake. Tarehe 11 Aprili wageni waliondolewa, kisha malori ya askari yakatoka, na Interahamwe walikuwa nje ya uzio wakisubiri. Watu wale walijaribu kwenda uwanja wa Amahoro, wakazuiwa karibu na Sonatube, wakarudishwa kwa miguu kupitia Kicukiro hadi kilima cha Nyanza, na huko wakauawa. Miongoni mwa waliokuwa ETO alikuwemo Boniface Ngulinzira, waziri wa mambo ya nje wa zamani aliyefanya kazi kubwa katika mazungumzo ya amani ya Arusha. Naye aliachwa, naye akauawa. Georges Rutaganda, makamu wa rais wa Interahamwe, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Arusha mwaka 1999, na ETO ilikuwa miongoni mwa mashtaka yake.

Sasa filamu inatuonyesha nini? Inatuonyesha padri mzungu, Christopher, aliyeigizwa na John Hurt, na mwalimu kijana wa Kiingereza. Mwalimu anaondoka na malori. Padri anabaki, anawaficha watoto katika gari, anauawa njiani ili wao wapone. Ni kifo kizuri sana cha filamu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwanafunzi wa sekondari na hodari darasani, aliniuliza padri Christopher amezikwa wapi, palepale Nyanza au kwingine. Aliuliza kwa heshima zote. Alitaka kwenda kumzuru.

Padri Christopher hajazikwa popote kwa sababu hakuwahi kuwepo. Waandishi walimtengeneza kwa kumkumbuka padri mwingine wa kweli, Vjekoslav Ćurić, Mfransisko kutoka Bosnia, ambaye kituo chake kilikuwa Kivumu. Huyu aliwaokoa watu kwa kuwapitisha kwenye lori lake, na aliuawa Kigali mwaka 1998. Alistahili filamu yake. Lakini hakuwa ETO. Wamechukua wema wa mtu mmoja, wakauhamisha mahali na wakati, wakaupandikiza kwetu tarehe 11 Aprili.

Najua jibu litakalokuja. Wataniambia kuwa filamu si kitabu cha historia, ni lazima ifupishe, ni lazima iwe na mtu mmoja wa kumfuata. Sawa. Fupisha. Watu watatu wafanye mmoja, siku kumi zifanye tano, sitakulaumu. Ila kuna uongo mdogo unaorahisisha kisa, na kuna uongo unaogeuza maana yake. Maana ya ETO ni kwamba hakubaki mgeni hata mmoja. Zaidi ya watu elfu mbili waliachwa peke yao na dunia iliyokuwa na magari, bunduki na bendera. Ukimbakiza padri mmoja pale, hata kama ni wa kubuni, umeipa dunia faraja ambayo haikuwepo. Mtazamaji wa London anatoka akijisemea kuwa angalau mmoja wetu alibaki. La hasha! Wale waliopanda Nyanza hawakupata faraja hiyo, basi na mtazamaji asiipate.

Haki isemwe pia. Filamu ile haikuficha kuondoka kwa malori, na mwishoni inawaonyesha watu wa Rwanda walioshiriki kuitengeneza ambao wao wenyewe walinusurika, kila mmoja na aliyoyapoteza. Dakika zile chache za mwisho, kwa maoni yangu, zina uzito kuliko filamu nzima. Zingekuwa mwanzoni.

Na kama dunia inataka mgeni aliyebaki, wapo wa kweli, haina haja ya kubuni. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali, Mwislamu, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha, aliwavusha watu vizuizini kwa ucheshi na ujasiri wake, safari baada ya safari, wachache wachache ndani ya gari. Aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana baada ya mama yao kuuawa. Kombora lilimuua kwenye kizuizi cha Kigali tarehe 31 Mei 1994. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulianzisha medali ya ushujaa kwa jina lake. Waulize wanao jina hilo, kisha waulize jina la Don Cheadle. Utaona lipi wanalijua.

Tena tunalo somo mikononi mwetu bila kulitambua. Nani Kigali hajatazama agasobanuye? Msobanuzi anakaa na maikrofoni yake, anaifasiri filamu ya Kihindi au ya Kimarekani kwa Kinyarwanda, na anaongeza chumvi apendavyo: huyu anamwita Kazungu, yule anamtania kuhusu deni la duka. Tunacheka, na hakuna anayedanganyika, maana wote tunajua kuwa chumvi ni yake. Lakini filamu ikija na maandishi meupe juu ya weusi kwamba hiki ni kisa cha kweli, chumvi ileile tunaila kama chakula. Msobanuzi wa mtaani ni mwaminifu zaidi. Yeye sauti yake unaisikia.

Sisi Waislamu hatukupaswa kuwa wepesi hivi. Tumelelewa na elimu ya hadithi, ambayo swali lake la kwanza si kama maneno yanapendeza bali ni nani kayapokea kutoka kwa nani. Wapokezi wakikatika katikati, hadithi inashuka daraja hata kama imekuliza. Mtoto wa madrasa anajua kutofautisha sahihi na dhaifu, kisha anarudi nyumbani anapokea kisa cha kilima chake mwenyewe bila kuuliza hata mpokezi mmoja!

Tazameni Hotel Rwanda ilivyotufikisha. Filamu ya Terry George ya mwaka 2004 ilimchukua Paul Rusesabagina, meneja aliyekuwa katika Hôtel des Mille Collines walipojificha watu 1,268, ikamfanya shujaa wa dunia. Mwaka 2005 akavishwa nishani kubwa na rais wa Marekani. Baadhi ya waliojificha humo walipinga, wakasema walidaiwa pesa na kwamba waliokolewa na sababu nyingine. Edouard Kayihura aliandika kitabu kizima mwaka 2014. Wengine walimtetea. Kisha mwaka 2020 akakamatwa, mwaka 2021 akahukumiwa Kigali miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, na Machi 2023 akaachiliwa. Katika miaka yote hiyo magazeti ya Ulaya na Marekani yalimwita shujaa wa Hotel Rwanda, kana kwamba filamu ilikuwa cheti cha mahakama. Sitaki hapa kumhukumu mtu. Ninachosema ni kwamba watu hawakubishana juu ya yaliyotokea hotelini, walibishana juu ya yaliyotokea kwenye filamu. Mtu aliye hai akishafanyiwa filamu, hesabu yake inafungwa kabla umri wake haujaisha.

Trees of Peace sitaisema sana. Wanawake wanne wamejificha katika kijichumba, na hata humo, katika nafasi ya watu wanne, imebidi mmoja awe Mmarekani.

Kuna waliofanya vizuri zaidi. Jo Ingabire Moys, naye ni manusura, alitoa filamu fupi ya Bazigaga mwaka 2022 kwa kuongozwa na habari za Zura Karuhimbi, yule bibi mganga wa Ruhango aliyewaficha watu zaidi ya mia moja na kuwatisha wauaji kwa uganga wake. Bibi Zura alipewa medali na Rais Kagame mwaka 2006 akafariki 2018. Mtengenezaji hakumwita mhusika wake Zura. Alimpa jina jingine, akabuni ndani ya jina hilo. Huo ndio uungwana: maneno yako, jina lako. Ukitaka kutumia jina la mtu au la mahali, basi leta na mashahidi.

Nimefika kwetu, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya ndugu. Kinyarwanda, ya Alrick Brown, wazo lake likiwa la Mnyarwanda Ishmael Ntihabose, ilipata tuzo ya watazamaji Sundance mwaka 2011. Inaonyesha Waislamu na wasio Waislamu wakijificha pamoja msikitini, na Mufti akikataza Waislamu kushiriki mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wapokezi wake wapo: watu waliojificha Msikiti Mkuu wa Kigali na madrasa ya Nyanza. Ni filamu nzuri na ya haki. Sisi ndio tulioiharibu kwa kuigeuza cheti cha usafi wa jamii nzima. Kila mhadhara, kila mgeni kutoka Ghuba, tunaionyesha hii. Je, tunamtaja Hassan Ngeze? Mhariri wa Kangura, gazeti lililochapisha zile Amri Kumi za Wahutu mwaka 1990, alikuwa na jina letu na dini yetu. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2003, na rufaa mwaka 2007 ikaweka kifungo cha miaka 35. Wazee wetu wa Biryogo walioficha watu chini ya vitanda hawapungukiwi kitu Ngeze akitajwa. Bali wanaongezeka, kwa sababu inaonekana kuwa walichagua, na kwamba mwingine mwenye jina kama lao alichagua vingine. Qur'an imetuamuru kutoa ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Hatuwezi kumdai Mwingereza ukweli wa padri wake tukaficha wa kwetu.

Basi nina ombi kwa wanaopanga maonyesho ya filamu katika madrasa na vyama vya wanafunzi. Kabla ya kuwasha, mtu mmoja asimame dakika tano aseme waziwazi: huyu alikuwepo, huyu hakuwepo, hapa pamebuniwa. Mkionyesha Shooting Dogs hapa Kicukiro, onyesheni tarehe 12, siyo 11. Tarehe 11 wapelekeni watoto Nyanza kwa miguu, kwa njia ileile kutoka Sonatube, wakawasikilize manusura wanaozungumza pale. Na wale wazee wa Biryogo na Nyamirambo ambao kila mwaka tunawasikia wachache zaidi, simu mnazo nyote: rekodini sauti zao, andikeni tarehe, andikeni nani alikuwepo, na ikiwezekana nakala ipelekwe Gisozi. Siku akija mtu na kamera kutaka kisa cha kweli, akute wapokezi wameshapangwa.