Gari Dogo Nalo Lina Koo

Jumapili iliyopita Baba Mchungaji alikuwa akifungisha ndoa ya vijana wawili wa mtaani kwetu. Katikati ya nasaha, pale ambapo maharusi wameshachoka kusimama na kamati iko nje inahesabu makreti ya soda, akatoa mfano ulioniharibia siku. Mke mwema, alisema, ni kama Vitz. Hali sana, halalamiki, anabeba watu wote wa nyumbani, tena hana gharama. Kanisa zima likacheka. Mke wangu hakucheka. Alinigeukia taratibu, kama feni iliyoishiwa grisi, akaninong'oneza: "Na sevisi yangu mimi ni lini?"

Suala la wake sitaligusa. Wana midomo yao, na wakiamua kumjibu Mchungaji watamjibu kwenye kikao cha akina mama, naye atakoma. Mimi naitetea Vitz, kwa kuwa yenyewe haina mdomo. Hapa nchini hakuna kitu kilichosingiziwa wema kama gari dogo. Kila anayetaka kununua gari lake la kwanza Dar es Salaam huambiwa maneno yaleyale manne: chukua Vitz, inanusa tu. Asipoambiwa Vitz ataambiwa Passo, au IST ya cc 1290. Inanusa! Kana kwamba injini ni paka anayepita jikoni.

Wanaosema hivyo nawauliza swali moja dogo. Umepima?

Hapo ndipo utasikia, "Mimi naweka ya elfu kumi, naenda Posta narudi siku mbili." Ndugu yangu, hicho si kipimo, hiyo ni simulizi. Elfu kumi ya mwezi huu si elfu kumi ya mwezi ujao. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mshale wa dashibodi haujui habari hizo. Kipimo chenyewe ni cha darasa la tano. Jaza tangi mpaka pampu ya kituo ikate yenyewe, andika kilomita, tembea wiki nzima, rudi kituo kilekile ujaze tena mpaka ikate, kisha gawanya kilomita kwa lita. Basi. Lakini nani ajaze tangi? Sisi tunaishi na taa ya mafuta imewaka, ile ya njano, kama kandili ya kaburini. Halafu tunashangaa pampu ya mafuta ikiungua, wakati pampu ile imo ndani ya tangi na kinachoipoza ni petroli hiyohiyo inayoizunguka. Uiache miaka miwili ikifyonza masalia, siku moja itakuzimikia juu ya Daraja la Kijazi pale Ubungo saa moja asubuhi, daladala zote zikutukanie wazazi, nawe useme umelogwa.

Mimi nilipima, na nilipima kwa hasira. Vitz yangu ni ya mwaka 2006, cc 990, injini ya pistoni tatu. Nilikuwa nami nimo katika dini ya kunusa mpaka nilipoona mshahara unaishia kituo cha mafuta. Nikajaza, nikaandika, nikaenda kazini siku zangu, nikarudi kujaza. Kilomita 312, lita 39. Nikagawanya mara tatu nikidhani kikokotoo cha simu kimeharibika. Kilomita nane kwa lita! Jirani yangu mwenye Prado ya petroli, cc 2700, nilipomwonyesha karatasi alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Ananizidi viti, ananizidi heshima kwa matrafiki, na kwa mafuta tumekaribiana.

Nikaenda kwa fundi, si yule wangu wa siku zote. Huyu alikuwa kijana mpole asiye na maneno. Aliwasha gari, akasimama kutazama dashibodi. "Hii taa ya bluu huwa inazima saa ngapi?" akaniuliza. Nikamwambia hiyo ni taa ya full. Akanitazama kwa huruma, akabonyeza swichi ya taa, na full yenyewe ikawaka mahali pengine kabisa. Ile ya bluu, yenye alama ya kipimajoto ndani ya maji, ilikuwa ikiniambia kwa miezi kadhaa kwamba injini ni ya baridi. Nami nilikuwa nikitembea nayo mpaka Kimara, asubuhi na jioni, nikidhani nawamulikia watu.

Akafungua boneti, akasubiri, akalegeza boliti mbili za mfuniko linapopita bomba la maji, akaniita. "Bosi, chungulia." Nikachungulia. Palikuwa na tundu tupu lenye kutu pembeni. "Themostati yako iko wapi?"

Nikakumbuka. Mwaka mmoja nyuma gari lilichemsha, nikampelekea fundi wangu wa siku zote. Aliichomoa themostati mbele yangu, akaishika kwa vidole viwili kama mwiba wa samaki, akaitupa kwenye kopo la misumari. "Hii huku haitakiwi, bosi. Ni ya nchi za baridi." Nikacheka, nikamlipa, nikamwongezea na hela ya soda. Nililipa ili niibiwe!

Sasa mnisikilize, kwa sababu uongo huu wa nchi za baridi umeenea kuliko malaria. Themostati ni kikoki kidogo chenye nta ndani. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata joto upesi. Ikifika nyuzi themanini na kitu, nta inatanuka, kikoki kinafunguka, maji yanakwenda kupoa. Joto la Dar es Salaam, hata Februari, halifiki nusu ya nyuzi hizo. Kwa injini, hapa napo ni nchi ya baridi. Ukikitoa hicho kikoki, maji yanakwenda rejeta tangu unapowasha, injini haiivi, na kompyuta ya gari, ambayo haina habari kwamba fundi ameitupa themostati kwenye kopo, inaona injini bado inaamka na inaendelea kuimwagia petroli ya ziada. Asubuhi, mchana, jioni. Ndiyo kunusa kwenyewe huko.

Hapo ndipo ninapogombana na Mchungaji na waumini wake wote. Udogo wa gari hauzuii mafuta. Kinachozuia mafuta ni vitu vidogo vinavyofanya kazi yake: themostati, plagi, eaklina, sensa ya oksijeni, upepo wa tairi. Gari dogo lenye vitu hivyo vibovu ni gari kubwa lililovaa kaptula.

Sifa ya Vitz tuliikuta, hatukuitengeneza. Ilitengenezwa Japani, ambako gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, ukaguzi unaoitwa shaken, na ukishindwa ukaguzi huo huingii barabarani. Wengi wakiona gharama za ukaguzi zinakaribia, wanauza, na ndipo meli inapolileta hilo gari bandarini kwetu. Zile kilomita ishirini na ushee kwa lita zinazotajwa kwenye matangazo zilipimwa kwa kipimo cha zamani cha Wajapani kiitwacho 10-15: gari liko ndani ya jengo juu ya magurudumu ya mashine, injini imeshapashwa moto, kiyoyozi kimezimwa, mwendo hauvuki kilomita 70 kwa saa. Hakuna bodaboda anayekukatiza, hakuna shemeji kiti cha nyuma. Wajapani wenyewe walikiacha kipimo hicho wakahamia JC08, kisha WLTC, kwa sababu hata wao waliona kinawadanganya. Sisi tumekiokota, tunakihubiri madhabahuni.

Na ajabu ni kwamba uzee wa gari tunaukubali bandarini. Tunalipa ushuru wa uchakavu tukinung'unika, risiti tunazo, serikali imetuandikia kwamba chuma hiki ni kizee. Tukishatoka getini tu, gari linakuwa bikira.

Oili ndiyo aibu nyingine. Injini hizi zilitengenezwa kwa oili nyepesi, 0W-20 au 5W-30. Nenda kamwage oili uone utakachowekewa. "Gari limechoka hili, weka nzito." Unawekewa namba 40, au 20W-50, uji wa kusukumwa na pistoni tatu zenye nguvu za cherehani. Kwenye giaboksi ndiyo msiba. Vitz nyingi za miaka ile zina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za kuhesabu bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na inataka oili yake peke yake. Fundi anamimina oili nyekundu ya giaboksi za kawaida kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye kidumu. Baada ya miezi gari linaanza kuvuta kwa kusitasita, linalia kama mbwa aliyefungiwa, na mwenyewe anawaambia watu, "Hizi Vitz za pili hizi ni mbovu." Mbovu ni nani hapo?

Nisisahau matuta. Kati ya Dar na Segera nimewahi kuanza kuyahesabu nikaacha. Kila tuta ni kusimama na kuanza upya, na kuanza upya ndiko kunakonywa. Kijiji kikigongewa mbuzi mmoja kinapata matuta manne. Nayo hayana rangi, unayaona ukiwa juu yake, shokomzoba zishapiga yowe. Siku nyingine nitaandika juu ya wale wanaoyajenga, wiki hii nafasi haitoshi.

Yupo mtu atakayenijibu, najua, kwa sababu yupo kila kijiwe. "Mimi nina Passo mwaka wa tatu, sijawahi kufungua boneti, na linatembea." Hongera. Hata mbuzi wa shughuli hutembea, tena kwa madaha, mpaka asubuhi ya shughuli. Mtu huyuhuyu taa ya injini ilipowaka alibandika kipande cha solotepu nyeusi ili isimsumbue macho usiku. Ukimuuliza upepo wa tairi anapiga tairi teke, anasema uko sawa. Kwenye fremu ya mlango wa dereva pamebandikwa karatasi inayosema upepo unaotakiwa, haina hata haja ya Kiingereza, ni tarakimu tupu. Hajawahi kuisoma. Anaitegemea miguu yake, aliyovaa kandambili.

Ikifika Desemba, mtu huyuhuyu anakwenda Moshi. Utamwona Chalinze. Wakubwa watano, watoto wawili mapajani, gunia la mchele kwenye buti, jiko la gesi miguuni mwa bibi, na madirisha yako wazi kwa sababu kiyoyozi "kinakula". Passo yenyewe haifiki tani moja, na hapo imebebeshwa karibu nusu tani. Kisha anataka kulipita basi. Mguu wote sakafuni, pistoni tatu zinalia, sindano ya mwendo iko 120. Injini ya cc 990 ikikanyagwa namna hiyo inakunywa bila kupumua, kwa sababu haina akiba ya nguvu. Akifika Same anajaza mara ya pili, anageuka kumwambia mkewe kwamba vijana wa kituo cha mafuta wamemwibia. Mara hii kosa ni la muuza mafuta.

Yangu ilitengenezwa. Themostati mpya, plagi tatu, eaklina, oili ya kadiri yake, tairi zikajazwa upepo wa kwenye karatasi. Bei ya vyote hivyo haikufikia mchango nilioombwa kwa harusi hii, na harusi hata kadi niliipata ya mtu mmoja. Nikapima tena, tangi kwa tangi, foleni ileile ya Morogoro Road. Kilomita 13 na kidogo kwa lita. Si ishirini, wala sidai ishirini.

Baada ya ibada nilimsubiri Baba Mchungaji nje nimwambie haya yote. Mke wangu alikuwa ametangulia na gari kuwapeleka wapambaji ukumbini. Mchungaji akanipokea kwa ukarimu wake wa siku zote, akasema, "Twende nikusogeze, tutaongea njiani." Gari lake ni Vitz, nyeupe, safi, rozari ya mgeni fulani Mkatoliki ingali inaning'inia kwenye kioo. Tukatoka kanisani, tukapita sheli, tukapita soko, tukafika kona ya ukumbi. Dakika ishirini na tano kwa foleni ya Jumapili. Muda wote huo sikusema neno, maana nilikuwa nakodolea dashibodi yake.

"Baba," nikamwambia, "hiyo taa ya bluu ni ya nini?"

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosini. Akainama kuitazama.

"Hiyo? Hiyo ni full."