Faili ya Umau inasema hakwenda Burma

Siku ukienda kula nyama pale soko la Burma, muulize anayekukatia mbavu: Burma ni nini? Atakuangalia kama umepotea. Burma si ni hapa? Kumbe ni nchi. Siku hizi inaitwa Myanmar, na babu ya mathe wangu alipelekwa huko 1944, kijana wa umri wako hivi, kupigana na Wajapani. Shida ni moja tu. Faili yake inasema hakwenda.

Najua unataka kupita hii stori kwa sababu vita vya wazee havikuhusu. Ngoja kwanza. Karibu vijana 100,000 kutoka Kenya walivalishwa sare katika Vita vya Pili vya Dunia. Piga hesabu ya wajukuu na vitukuu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kule ushago kwenu kuna mkebe chini ya kitanda cha mtu, na ndani kuna karatasi ambayo hakuna mtu amewahi kuisoma vizuri.

Wa kwetu ni mkebe wa kakao. Mwenye mkebe ni Susu, nyanya yangu, aliyezaliwa 1947 baada ya babake kurudi. Babake sote tulimwita Umau, kama Wakamba wanavyomwita babu, hata sisi vitukuu. Alifariki 2003 nikiwa mdogo sana, kwa hivyo mimi simkumbuki hata sura. Ndani ya mkebe kuna medali mbili za duara zenye kichwa cha mfalme, picha moja iliyoliwa kona na mchwa, na cheti cha kuachishwa jeshi. Cheti kinasema alikuwa mpishi, alihudumu Kenya, na medali zake ni mbili: Medali ya Vita na Medali ya Ulinzi. Pale panapouliza huduma ya ng'ambo, karani fulani wa jeshi la mkoloni alipiga mstari. Jina lenyewe pia alilikosea, akaweka A mahali pa U.

Sasa cheki picha. Umau amesimama wima, kofia kichwani, na begani ana beji ya kichwa cha kifaru. Nilipita hiyo beji miaka mingi nikidhani ni urembo. Ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Hao ndio walipelekwa Ceylon 1943, na mwaka uliofuata wakateremka Bonde la Kabaw ndani ya Burma msimu wa mvua, matope na malaria, hadi wakafika Kalewa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Sasa niambie, mpishi wa Nairobi kifaru alikitoa wapi? Na hata kama kweli alikuwa mpishi, wapishi walienda. Watu wa Kabaw hawakuwa wamefunga saumu.

Kuna kitu kingine. Susu amekuwa akisema tangu zamani kwamba babake alivuka mto unaoitwa Sinduini. Nyumbani tulidhani ni mto fulani wa Ukambani, labda ulikauka. Siku niliyoona Chindwin kwenye ramani nilinyamaza kwa muda. Halafu nikampigia Susu simu, nikamuuliza mzee alikuwa anasema nini kingine. Akasema mvua ikinyesha usiku alikuwa anaamka kuangalia kama viatu vyake vimekauka. Alikuwa na shamba na ng'ombe wanne, hana gwaride la kwenda asubuhi, lakini anaamka kuangalia viatu.

Kanuni ya Nyota ya Burma si ngumu. Mwanajeshi wa nchi kavu aliyehudumu Burma kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945 alistahili. Haisemi lazima uwe umeua mtu, wala haisemi wapishi wakae kando. Umau alistahili. Hakuipata kwa sababu karatasi haikumpeleka Burma.

Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Medali za Vita vya Kwanza zilichongwa jina la mwenyewe ukingoni. Zile za Vita vya Pili ambazo Uingereza ilitoa hazikuandikwa jina. Geuza za Umau utakavyo, ukingo ni laini. Yaani mtu yeyote anaweza kukuambia mzee wenu alizinunua Gikomba, na huna la kumjibu isipokuwa karatasi. Ndio maana huwa nashangaa watu wakiniambia medali zipo, rekodi ya nini. Medali bila rekodi ni chuma tu, bro.

Hapa nakubali kwamba nina kinyongo changu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imeisha na mathe alikuwa amechoka kukopa. Baadaye nilirudi kuomba matokeo ya ile mitihani niliyofanya, angalau nionyeshe mahali kwamba nilisoma. Wakaniambia hawanioni kwenye mfumo. Miaka miwili nimeketi darasani, nimepita masomo yote isipokuwa moja, na mtu nyuma ya dirisha ananiambia sikuwepo. Kwa hivyo ndiyo, huo mstari wa karani naujua. Mimi bado niko hai, naweza kurudi pale dirishani kupiga kelele. Umau hawezi.

Usiniambie mkoloni alikuwa hajui kuweka rekodi. Kuanzia miaka ya 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande: jina, alama za vidole, umeajiriwa na nani, umeanza lini, amekuachilia lini. Kilining'inia shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Ukitoroka shamba la mlowezi, ulitafutwa ukapatikana. Serikali iliyojua mzee ameamkia kazi ya nani Jumatatu ilishindwaje kujua amepanda meli?

Na walipotaka, karatasi ilisafiri. Sajini Nigel Leakey wa KAR aliuawa Ethiopia Mei 1941, na Novemba 1945 akatangaziwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza. Miaka minne na nusu, vita vikiendelea, lakini kuna mtu aliandika alichokifanya, mwingine akatia sahihi, ikafika London. Alistahili, sina ubishi. Nauliza tu ni askari wangapi weusi waliokuwa na mtu wa kuwaandikia. Pita Kenyatta Avenue uangalie ile sanamu ya wanaume watatu wa shaba, askari na wabebaji mizigo, hao ambao Kariakor ina jina lao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wanajeshi na wabebaji wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Huenda wakafika 350,000. Matatu zinapita pale kila siku.

Rafiki yangu mmoja, msomi wa mtaa, aliniambia hii yote ni utumwa wa akili. Kwa nini nililie nyota ya King George? Si huyo ndiye aliyetunyang'anya shamba? Nilifikiria hilo swali wiki nzima, kwa sababu si la kijinga. Jibu langu ni hili: mimi sitaki kumshukuru mfalme. Lakini faili ikibaki vile ilivyo, basi neno la mwisho kuhusu Umau ni la karani wa mkoloni. Alisema mpishi, hakwenda popote, na sisi tunanyamaza. Hiyo si kukataa ukoloni. Hiyo ni kumwachia karani kalamu. Tena kulikuwa na pesa pia. Mwaka 2019 wanahabari walifukua hati zilizoonyesha kwamba malipo ya kuagwa mwisho wa vita yalipangwa kwa rangi, Mwafrika akipata hadi mara tatu chini ya mzungu. Kwenye jeshi, ulichoandikiwa ndicho ulicholipwa.

Binamu yangu alienda Marekani kwa bahati nasibu ya viza, akaingia jeshi la huko. Anasema ukitoka wanakupa fomu inayoitwa DD-214, inaorodhesha mahali ulikohudumu na nishani zako. Wakiruka moja, unaomba, wanakutolea ya masahihisho, DD-215. Kosa likiwa kubwa kuna bodi maalum za kusahihisha rekodi za wanajeshi. Sheria inakupa miaka mitatu tangu ugundue kosa, ila bodi inaweza kulegeza muda huo haki ikidai hivyo. Si malaika hao. Hakuna mwanajeshi mweusi hata mmoja aliyepewa Medal of Honor ya Vita vya Pili hadi Januari 1997, Bill Clinton alipotoa saba kwa mpigo, na kati ya wale saba ni Vernon Baker peke yake aliyekuwa hai. Tena Julai 1973 moto ulichoma faili kati ya milioni 16 na 18 kule St. Louis. Lakini hawakuambia familia poleni, mambo yaliungua. Wanatafuta orodha za mishahara na karatasi nyingine zilizosalia, wanajenga upya. Kuna mlango na kuna fomu. Sisi tunapigwa chenga tu. Tuliandikia ofisi moja ng'ambo, ikasema rekodi za askari zilibaki Kenya. Tukaenda ofisi moja hapa Nairobi, ikasema hizo ni za Waingereza. Mara ya tatu mlinzi wa langoni alikuwa ananijua kwa jina, ambayo ni rekodi ya aina yake.

Ninachotaka si sherehe. Nataka serikali yetu iwe na dawati moja, mtu mmoja hata, ambaye ukimpelekea cheti chenye kosa na ushahidi anapokea, anakupa namba, anatafuta, anakujibu kwa maandishi. Wakati huo haujafika, wewe fungua mkebe. Piga picha kila karatasi mbele na nyuma. Tafuta namba ya jeshi, hiyo ni muhimu kuliko jina, kwa sababu majina waliyaharibu. Angalia beji kwenye mabega na kofia. Halafu mrekodi mzee aliyesikia hizo stori, majina ya mahali uyaache vile anavyoyatamka, usimsahihishe. Sinduini ndiyo iliyonifikisha Chindwin. Fanya hivyo Krismasi hii ukienda ushago, kabla hujaanza mambo ya mbuzi.

Susu ana miaka 78 na macho yanamsumbua. Anataka nyota ichongwe kwenye kaburi, na amekataa katakata ichongwe kabla karatasi haijabadilika, ati watu wasiseme tumedanganya. Jumamosi tulijaza barua mpya, mimi naandika yeye akiniambia. Tulipofika kwenye jina nikamuuliza tuweke lipi, lile la cheti ili waipate faili, au lile la kweli. Akaniambia niandike yote mawili, la kwao ndani ya alama za nukuu.