Mashine nayo inaweza kukariri desa

Jana usiku chumbani kwetu ubishi uliwaka. Mwenzangu anayesoma baiolojia anadai spektrometa ya masi, ile mashine inayochambua molekuli kwa uzito wake, itagundua kansa zote kwenye tone la damu. Mimi mtu wa ualimu nikamuuliza: na mtihani wake nani kausahihisha?

Nikampa kisa cha Marekani. Februari 2002 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Petricoin, Liotta na wenzao. Walipitisha seramu kwenye mashine hiyo, kisha kompyuta ikatafuta mpangilio unaotenganisha wenye kansa ya ovari na wasio nayo. Kwenye sampuli 116 za majaribio iliwapata wagonjwa wote 50, na kati ya wazima 66 ikakosea 3 tu. Kansa hii mara nyingi hugundulika imeshasambaa, kwa hiyo watu walishangilia. Kipimo kikaandaliwa kuuzwa kwa jina la OvaCheck.

Mwaka 2004 Baggerly, Morris na Coombes wa Houston wakachambua upya data zilezile. Mpangilio uliopatikana kwenye seti moja ya data ulifeli kwenye nyingine. Tena wagonjwa na wazima waliweza kutenganishwa hata kwa sehemu ya grafu ambayo ni kelele za mashine tu! Maana yake kompyuta huenda ilisoma jinsi sampuli zilivyoshughulikiwa, sio kansa. Mwaka huohuo FDA ikasema lazima kibali kwanza, na OvaCheck haikuingia sokoni.

Wadau, huyu si tunamjua? Ni yule anayekariri desa la mwaka jana. Swali likigeuzwa kidogo, kwisha habari yake.

Na hao 3 kati ya 66 msiwaone wachache. Pima wanawake wazima 10,000 na zaidi ya 450 wataambiwa wana kansa, wengine waishie kupasuliwa bure.

Sipingi mashine. Nchi nyingi inapima watoto wachanga kwa tone la damu ya kisigino. Fenilalanini ikizidi, mtoto anabadilishiwa chakula kabla ubongo haujaharibika. Ila pale wanajua wanatafuta nini, na kwa nini.

Msimamo wangu: kipimo kisimfikie mgonjwa mpaka kifaulu kwa watu wapya, kwenye maabara nyingine, chini ya msahihishaji asiye na hisa. Sisi wenyewe hatupewi digrii kwa kujisahihishia pepa.

Nawasilisha. Mwenzangu bado kanuna, karibuni mumsaidie.