Kiroba kimoja cha taka zote ni uzembe

Fungua kiroba kinachosubiri gari la taka mbele ya nyumba nyingi za Dar es Salaam. Utakuta maganda ya ndizi, ukoko wa ugali, chupa za maji, pampasi, kopo la dawa ya mbu, glasi iliyovunjika na wembe, vyote vimelowa mchuzi uliochacha. Jana yake chupa ile ilikuwa na mnunuzi, na maganda yale yangeliwa na mbuzi wa jirani au yangeoza vizuri yakawa mboji. Aliyeviharibu ni mwenye nyumba, kwa kuvitupa pamoja.

Tunalisema hili bila kumung'unya maneno, kwa sababu tumezoea kuanza na kumaliza lawama zetu kwa halmashauri. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika miji yetu ni mabaki ya jikoni. Ni mzigo mzito uliojaa maji, na tunauchomea dizeli kuupeleka dampo la Pugu Kinyamwezi ili ukaozee huko. Ukifukiwa chini ya marundo pasipo hewa, hutoa gesi ya metheni, ambayo huongeza joto la dunia na kuchochea moto wa dampo. Maganda yaleyale yangebaki uani yangerutubisha mchicha.

Halafu yupo muokota chupa. Yeye hulipwa kwa kilo, na chupa iliyoganda mafuta na wali mnunuzi huikatia bei au huikataa. Kuipata kwenyewe lazima atumbukize mkono mtupu kirobani, asijue kama kuna wembe au sindano ya mgonjwa wa kisukari. Glasi iliyovunjika huzungushiwa gazeti na kutiwa kwenye boksi. Sindano hutiwa kwenye chupa ngumu, ikafungwa kizibo na kupelekwa kituo cha afya. Anayeshindwa hata na hilo anamjeruhi binadamu mwenzake kwa makusudi, na hatuoni jina la upole la kumpa.

Wabaya zaidi ni wanaosubiri mvua ianze kunyesha ndipo watoke na ndoo kumwaga taka mtaroni. Maji yanazibeba hadi Mto Msimbazi, mitaro inaziba, na anayelala na maji kitandani ni mkazi wa bondeni. Mchanga unaojaa mtoni na ujenzi holela vina sehemu yao katika mafuriko ya Jangwani, hilo hatulikatai. Lakini jiji lililozika makumi ya watu wake baada ya mvua za Desemba 2011 halina sababu ya kuendelea kuziba njia za maji kwa mikono yake lenyewe. Na anayechoma plastiki na pampasi nyuma ya nyumba asijione nadhifu: moshi ule wenye sumu wanauvuta watoto wake kwanza.

Msituambie haiwezekani. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na ndani ya muda mfupi watu walirudi kwenda sokoni na vikapu. Kutenganisha taka kunahitaji chombo kimoja zaidi, basi: ndoo kuukuu yenye mfuniko kwa mabaki ya jikoni, na kiroba kwa vikavu. Chupa isuuzwe kwa maji yaliyokwisha kuosha vyombo. Mwenye uwanja achimbe shimo, na kila akimwaga mabaki ayafunike kwa majani makavu au udongo, inzi hawatasumbua. Katika kata ya Bonyokwa, wilayani Ilala, wazoa taka walioungana katika ushirika, wakisaidiwa na asasi ya Nipe Fagio, wamekuwa wakikusanya nyumba kwa nyumba taka zilizotenganishwa. Wakazi wa Bonyokwa ni watu wa kawaida wa uswahilini.

Halmashauri nazo zijibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Hiyo ni zaidi ya miaka 20, na bado mtaa baada ya mtaa gari ni moja, sanduku lake moja. Mama aliyetenganisha taka zake wiki nzima, kisha akaona ndoo na kiroba vikimwagwa pamoja mbele ya macho yake, amedhulumiwa, na wiki ijayo hatatenganisha. Mikataba ya uzoaji iandikwe upya: siku ya taka za jikoni ijulikane na siku ya vikavu ijulikane, na mzoaji anayechanganya anyang'anywe kazi. Wenyeviti wa mitaa nao wasimamie hilo.

Lakini mwenye nyumba asijifiche nyuma ya gari hilo. Ndoo ya pili haihitaji kibali cha mkurugenzi. Aiweke jikoni leo.