Bajeti ya Likizo Isiishie Krismasi

Kengele ya kufunga shule ikishalia hakuna anayetaka kusikia habari za hesabu. Masanduku yanafungwa, magodoro yanakunjwa, na kila mtu anamwuliza mwenziwe likizo ataifanyia wapi. Huyu anakwenda Mombasa kwa shangazi, yule anapelekwa Nairobi kwa mjomba, mwingine anaapa kwamba kwao watachinja mbuzi wawili. Ukithubutu kuuliza gharama za hayo yote zitatoka wapi, unachekwa. Eti kwani wewe ni mhasibu?

Basi leo acha niwe mhasibu. Nina maoni mawili, nami nitayatetea hata kama utanuna. La kwanza, familia inapopanga matumizi ya likizo, haina budi kuanza na siku ya kufungua shule, kisha irudi nyuma polepole hadi siku ya kufunga. La pili, mambo hayo yanapopangwa, sisi wanafunzi tuwe tumekaa papo hapo, si kutumwa dukani ili wakubwa wazungumze.

Likizo haimvizii mtu kama mwizi. Wizara ya Elimu hutangaza tarehe za mihula mapema, na kila mzazi aliye na simu anaweza kuziona. Aprili tunapumzika wiki tatu hivi, Agosti vivyo hivyo, kisha inakuja ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Mwaka 2025 muhula wa tatu ulifungwa tarehe 24 Oktoba, na shule zikafunguliwa tarehe 5 Januari 2026. Ukiwatoa watahiniwa wa KCSE waliobaki na mitihani yao, sisi wengine tulikaa nyumbani zaidi ya siku 70. Siku sabini! Krismasi ni moja tu katika hizo. Lakini hebu sikiliza mazungumzo ya majumbani mwetu: mipango yote ni ya tarehe 25 Desemba. Siku zilizobaki, sijui tunatarajiwa kula upepo.

Kweli yako mambo ambayo kalenda haiyajui. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga shule zote nchini, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Mwaka 2024 mafuriko yalifanya muhula wa pili, uliotarajiwa kuanza tarehe 29 Aprili, uahirishwe hadi tarehe 13 Mei. Familia iliyokuwa imehesabu chakula hadi siku ile kamili ilikuwa na wiki mbili za ziada za kulisha watoto. Kwa pesa gani, kama si za karo zilizokuwa zimewekwa tayari? Ndiyo maana nasema mwisho wa likizo ndio wa kuogopwa. Huko mbele ndiko pesa huisha, na huko huko ndiko shule inakosubiri.

Tuanze na tumbo. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wa bweni tukifika nyumbani hupokewa kama wageni kwelikweli. Siku ya kwanza kuku, siku ya pili chapati, siku ya tatu mama anatazama mtungi wa unga na kuguna. Chukua nyumba ambayo wakati wa muhula hutumia pakiti moja ya unga ya kilo mbili kwa siku mbili. Wanafunzi watatu wakirudi, pakiti hiyo haivuki siku moja. (Wanaocheza raga wawili peke yao huimaliza, nawajua.) Kwa siku 72 hizo ni pakiti 36 za ziada. Tuseme bei ni shilingi 150: ni shilingi 5,400 za unga mtupu, kabla hujagusa mboga, sukari, maziwa, sabuni na tokeni za stima za kutazamia mpira hadi usiku wa manane. Pesa hizi hazimo katika bajeti ya mtu yeyote niliyepata kumsikia. Watu huandika mbuzi, soda na nguo mpya, wakasahau unga.

Sasa nitoe mfano wa kwetu Gusii, maana ndiko ninakokujua vizuri. Sisi tunaishi kwa majani chai. Malipo ya kila mwezi ni kidogo, nayo hupotelea dukani, kwenye mbolea na kwa wachumaji. Pesa kubwa ni bonasi, ambayo kwa kawaida hutufikia Oktoba. Hebu tazama inavyogongana: bonasi inaingia, na siku zile zile watoto wanarudi nyumbani. Mtego gani unaoushinda huo? Kila mtu anajua wakulima wana chapaa. Muuza mitumba anajua, muuza sofa anajua, na wakwe wa mbali ambao hawakuonekana tangu mwaka uliopita nao wanajua. Watu hufika mahali pa kuziita pesa za likizo, na hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu zangu zote. Zile ni pesa za mwaka mzima. Mche wa chai haukuchumwa kwa ajili ya Desemba.

Tena bonasi yenyewe si ya kutegemewa kama jua. Hutofautiana kiwanda kwa kiwanda na mwaka kwa mwaka. Mwaka 2025 viwanda vingi vya upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa vilitangaza bonasi ya chini kuliko ile ya 2024, na wakulima wakalalamika hadharani. Fikiria aliyekuwa amekopa Septemba akiwa na matumaini ya kulipa Oktoba. Kwa maoni yangu, pesa ambayo haijatangazwa isiandikwe kwenye daftari hata kwa kalamu ya risasi.

Kwa wasiolima chai, mtego wao ni chama. Akina mama wengi huweka akiba mwaka mzima, kidogo kidogo, kisha hugawana Desemba. Ni jambo la kusifiwa sana, na mimi nawavulia kofia. Ila gawio likitolewa katikati ya Desemba, linatua katikati ya shamrashamra, na kufikia Mwaka Mpya limeyeyuka kama barafu. Nauliza, kwani ni sheria ipi inayosema chama kigawane Desemba? Kikigawana wiki ya kwanza ya Januari, mama huyo huyo angeingia kwa bwana fedha wa shule akiwa ameinua kichwa.

Maana huko kwa bwana fedha si mchezo. Katika mwongozo wa serikali uliotumika mwaka 2023, mzazi mwenye mtoto katika shule ya kitaifa ya bweni alitakiwa kulipa shilingi 53,554 kwa mwaka. Kwa shule za bweni za ngazi ya kaunti ilikuwa shilingi 40,535. Nusu ya karo hudaiwa muhula wa kwanza. Kwa hiyo mzazi mwenye wanafunzi wawili katika shule za ngazi ya kaunti anahitaji shilingi 40,535 Januari pekee, na bado hajanunua viatu. Asipokuwa nazo, sote tunajua yatakayofuata. Wiki ya pili au ya tatu majina yanasomwa gwarideni, na mwenzetu anarudishwa nyumbani wakati sisi tunaanza mada mpya ya kemia. Akirudi, mwalimu yuko sura ya tatu. Mbuzi aliyeliwa Desemba hulipwa kwa masomo Februari, na anayelipa ni yule ambaye hakuulizwa kama mbuzi achinjwe.

Hapo ndipo ninapofikia oni langu la pili. Nyumbani kwetu tulikaa pamoja Oktoba 2025, baada ya chakula cha jioni. Baba alichukua daftari la kurasa 32 akaandika juu kabisa: 5 Januari. Chini yake akaweka karo ya wawili, nauli yetu ya kurudi shule, sabuni na dawa ya meno. Mama akamwuliza, "Mzee, na unga?" Baba akafuta, unga ukawa wa pili. Mimi nikauliza kwa adabu kama pesa za chama zimo. Mama akanitazama. "Wee, sasa umekuja kunikagua?" Lakini alizitaja, na baba mwenyewe alishtuka, maana hakujua zilifika kiasi hicho. Mdogo wangu wa gredi ya sita alikuwa amelilia baiskeli tangu Agosti. Hakuambiwa hapana. Alipewa kalamu aitafutie nafasi. Aligeuza daftari huku na huku, akahesabu kwa vidole, mwishowe akaandika "Aprili" na alama ya kuuliza. Tangu siku ile hakulia tena, ingawa kila wiki hulifungua daftari kuona kama alama ile imeondoka.

Najua wazee wengine hawatakubaliana nami. Watasema mtoto akijua pesa za nyumbani atazitangaza kisimani, au atakosa usingizi kwa wasiwasi. Nawaheshimu, lakini jamani, hatujui nini? Tunaona mama akipima mafuta kwa kijiko. Tunasikia simu ya mwenye duka ikikatwa. Asiyeambiwa ukweli hubuni wake. Wapo miongoni mwetu wanaoamini baba ana pesa ila ni mchoyo, kwa sababu hawajawahi kuona hesabu. Na wapo wanaojiona mzigo na kutaka kuacha shule kimya kimya, wakati karo yao ilikuwa imetengwa zamani. Na kuhusu kutangaza siri, mwanafunzi anayeaminiwa kubeba karo mfukoni ndani ya matatu kutoka nyumbani hadi shuleni hawezi kushindwa kubeba nambari kichwani.

Isitoshe, anayekaa mezani anaweza kuongeza kitu. Tuseme mchumaji wa kibarua hulipwa shilingi 10 kwa kilo. Wanafunzi wawili wakiamka mapema na kuchuma kilo 20 kila mmoja, ni shilingi 400 ambazo hazikutoka nyumbani siku hiyo. Zamu ya kuchuma hurudi baada ya siku chache, na likizo ina wiki kumi. Wako watakaosema nataka wanafunzi wageuzwe vibarua. La hasha. Nasema kazi hiyo iandikwe kwenye daftari kama mchango, na mwenye kuifanya ajue imenunua nini. Mtu anayejua kwamba mikono yake imelipa nauli hulalamika kidogo kuhusu umande.

Wenzangu mnaoishi mijini nanyi nina neno lenu. Karibu na Krismasi nauli za kwenda mashambani hupanda hadi kufika maradufu, na kila mwaka mnashangaa upya. Shule zikiwa zimefungwa tangu Oktoba, kwa nini watoto wasitangulie Novemba wakati magari yanatafuta abiria, wazazi wakafuata wapatapo ruhusa kazini? Wa upande wa pwani wana reli ya Nairobi hadi Mombasa, ambayo nauli yake ya daraja la kawaida ilipandishwa kuwa shilingi 1,500 Januari 2024. Si kidogo kwa nyumba ya watu watano, lakini angalau unaweza kuiandika Septemba na kuikuta vile vile Desemba. Na nauli ya kurudi iwekwe pembeni kabla ya kuondoka. Nyama choma za shambani zimemeza nauli za kurudi za watu wengi mno.

Kuhusu masomo ya ziada ya likizo sitasema mengi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inayakataza, kwa hiyo hayafai kuwa na mstari katika bajeti ya mtu. Daftari za zamani na mwenzako wa kijijini anayeelewa fizikia kukushinda hazilipishwi.

Nina ombi moja kwa walimu wetu, kwa heshima zote. Barua ya karo na orodha ya vitu vya muhula wa kwanza tupewe siku ile ile ya kufunga, pamoja na ripoti. Katika shule nyingi orodha humfikia mzazi kwenye simu wiki ya mwisho ya likizo, wakati pesa zimekwisha kugawanywa: karatasi za kuchapia, reki, ndoo, koti la michezo la rangi mpya. Ripoti huwa tunazibeba hadi nyumbani hata zikiwa na alama za kutia aibu. Karatasi moja zaidi haitatushinda.