Mambo ya Nyumbani: Rangi ya Waridi Ukutani

Mtu ajengaye nyumba Voi aghalabu hupaka kuta za ndani rangi nyeupe, akidhani kwamba weupe ndio usafi. Haupiti msimu mmoja wa kiangazi ila kuta hizo zimeanza kugeuka: chini, kimo cha goti, mstari wa wekundu, kando ya mlango, alama za mikono, chini ya dirisha, vumbi lililoletwa na upepo. Udongo wa Voi ni mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma iliyomo ndani yake, nao hauchagui cha kukipaka. Hata ndovu wa Tsavo, ambao ngozi yao ni ya kijivu kama ndovu wengine, huonekana wekundu kwa kujimwagia vumbi hilo.

Basi, kwa kuwa vumbi litaingia tu, twaona yafaa kuta zipakwe rangi iliyo jamaa yake. Tunayoisema ni waridi hafifu yenye joto; si ile kali ya peremende, wala ile inayoelekea zambarau, bali kama nyama ya pera lililoiva ikichanganywa na maziwa.

Wako wanaume watakaosema kwamba hii ni rangi ya watoto wa kike. Hayo ni mazoea tu. Mwaka 1918 gazeti moja la wauzaji wa nguo za watoto huko Marekani liliwaambia wasomaji wake kwamba waridi ni ya wavulana, kwa kuwa ina nguvu zaidi, na buluu ni ya wasichana.

Wala haihitaji fedha nyingi. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, na ule unga mwekundu ambao mafundi hutia katika sakafu za saruji. Loweka chokaa usiku kucha, kisha ichuje kwa kitambaa mpaka iwe kama maziwa. Unga ukoroge peke yake katika maji ya vuguvugu, ndipo uutie katika chokaa kijiko kwa kijiko. Ukiona imeelekea zambarau, ongeza unga wa manjano kidogo. Hapa ndipo wengi hukosea: rangi ikiwa ndani ya ndoo ni nzito sana, lakini ikikauka hupauka mno. Paka kipande cha ukuta, ungoje hadi kesho, ndipo uamue. Tena changanya ya chumba kizima kwa mara moja, maana ndoo ya pili haifanani na ya kwanza hata fundi ajitahidi vipi.

Ukuta ulowanishwe kwanza, kisha upakwe mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba. Juu ya rangi ya mafuta chokaa haishiki. Na hapana budi kujihadhari: chokaa huunguza macho vibaya. Vaa miwani, watoto wakae mbali, na ikimwingia mtu jichoni aoshwe mara moja kwa maji mengi, tena apelekwe hospitali bila kukawia. Atakaye rangi ya dukani na aulize isiyo na risasi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo wa watoto.

Mtu asidanganyike kwamba rangi ya ndani itapoza nyumba. Joto la Voi hushuka kutoka bati, na dawa yake ni dari. Lakini kule Wundanyi, ambako ukungu hufunika vilima na mwanga wa asubuhi ni wa kijivu, waridi hukifanya chumba kionekane kama kwamba moto umewashwa. Itazame pia usiku: taa ya mwanga mweupe ulioelekea buluu huifanya iwe kama majivu, na ile ya mwanga wa manjano huirudishia uhai.

Dari iachwe nyeupe. Sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha futi 3, izidishiwe unga mwekundu, na mstari ule wa vumbi hautaonekana tena. Chokaa itakayobaki usiitupe. Iache chini ya maji katika chombo chenye kifuniko, nayo itafaa mwaka ujao kwa kuziba viraka.